Nyusi za mwanaume: safisha, usitinde

Karibuni wadau. Mnalijua lile swali la kinyozi akishamaliza kichwa: "Kaka, nikupitishie na nyusi?" Ukiitikia huku unachezea simu, unatoka na upinde wa bibi harusi. Leo tunafanya wenyewe, mchana, kioo karibu na dirisha.

Kwanza taulo la maji ya moto usoni, dakika mbili. Ngozi ikilainika, maumivu yanapungua. Chozi moja mbili zitatoka, usijali.

Sasa simamisha penseli wima pembeni mwa pua, hivi. Inapogusa ndipo unyusi unapoanzia. Zilizoota katikati, juu ya pua, zing'oe kwa kibano moja moja, ukivuta kule zinakolalia. Usivuke huo mstari. Nyusi zikiachana sana, pua inaonekana pana.

Umeona? Nimetoa chache tu, nikarudi nyuma kujitazama. Fanya hivyo kila mara.

Chini, ondoa zile zilizozagaa peke yake karibu na kope. Juu usiguse! Upinde wa kike huanzia hapo.

Hatua ninayoipenda ni hii: chukua mswaki mpya, chana nyusi kwenda juu. Zile ndefu zinazochungulia nje, punguza ncha kwa mkasi mdogo. Baba zetu waliopita hamsini, hii peke yake inawatosha, kibano wawaachie vijana.

Wembe siupendi, siku chache tu visiki vinachoma. Ukiutaka, uwe mpya, ufunguliwe mbele yako. Wembe uliopita kwa mwingine unaweza kukuletea homa ya ini.

Una nyusi hafifu? Chora vistari vifupi vya wanja wa kahawia, kisha futa nusu yake. Ndiyo, nusu. Piko usipake hapo kabisa, ikiingia jichoni inaweza kukutia upofu. Na wanaowaza kuchanjwa rangi, ile hukaa mwaka na zaidi. Tembea na wanja mwezi mzima kwanza, uone kama sura hiyo unaitaka.

Malizia na barafu ndani ya kitambaa, wekundu ushuke. Na kama umezidisha upande mmoja, usikimbilie wa pili ili zilingane, utamaliza zote. Weka kibano chini, vaa kofia. Miezi mitatu, minne hivi, zitakuwa zimerudi.