Handaki Likisogea, Mashine Nayo Inasogea

Mabibi na mabwana, ukichimba shimo la msingi wa jengo juu ya handaki la treni, yaani njia yake iliyo chini ya ardhi, unaliondolea mzigo wa udongo. Handaki linainuka, kipenyo chake cha wima kinarefuka. Ukichimba ubavuni mambo yanageuka: ukuta unapoteza egemeo, handaki linatanuka kwa upana na paa linashuka. Kabla ya kufunga kifaa chochote, jueni lenu linatarajiwa kwenda wapi.

Katika kila mkato, yaani sehemu ya handaki tunayoipima kwa kuizunguka, tufunge prizimu tano, vioo vidogo vinavyorudisha mwanga wa mashine ya kupimia: moja paani, mbili mabegani, mbili chini karibu na reli. Mkabala na shimo, mikato iachane mita 5. Mbele zaidi, mita 10 zinatosha. Totali stesheni, mashine inayopima pembe na umbali, hukaa kwenye kiegemeo cha chuma ukutani, ikizisoma prizimu yenyewe usiku na mchana.

Tatizo ni kwamba ukuta unaoibeba nao unasogea. Ikishuka milimita 3 na hesabu ikaichukulia kuwa imetulia, prizimu zote zitaonekana zimepanda milimita 3, na mtu ataandika ripoti nzuri kabisa ya jambo ambalo halikutokea. Kwa hiyo kila mzunguko uanze na prizimu za rejea, angalau mbili kila upande, nje ya eneo linaloathiriwa na uchimbaji, ili mashine itafute upya mahali ilipo. Lakini msizipeleke mbali ovyo: kosa la sekunde moja ya pembe kwa mita 100 ni karibu nusu milimita.

Prizimu mbili zikikaa karibu mno katika mstari mmoja wa kuona, mashine hushika isiyo yake. Zipishanisheni. Vumbi la breki za treni lifutwe kwa ratiba. Mstari unaopita sambamba na ukuta wenye joto hupinda, na grafu itapanda na kushuka kila siku kwa saa zilezile. Hiyo ni hewa, si zege.

Ndiyo maana vipimo vya mwanzo vichukuliwe wiki kadhaa kabla ya uchimbaji. Kipimo cha siku moja hakiwezi kuwatenganishia joto na msogeo.

Kiwango cha tahadhari, yaani msogeo mliokubaliana uwashtue, kikivukwa, pimeni tena papo hapo, kisha hakikisheni kipenyo kwa mkono. Na kiwango chekundu, yaani cha hatari, kikithibitishwa saa nane usiku, nani ana mamlaka ya kusimamisha mtambo wa kuchimba? Jina na simu yake viwe kwenye mpango kabla udongo haujaguswa.