Banyamulenge na Majirani Zao: Tarehe Nani Aliiweka?

Wazee wangu, ndugu zangu, shikamooni na habari za jioni.

Mkisimama ufukweni hapa Kigoma siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa mnaiona. Fuateni ufukwe wake kuelekea kaskazini, kisha pandeni, pandeni sana, mpaka kwenye baridi ya kuvaa koti mchana. Huko ndiko Minembwe na Itombwe, Kivu Kusini, wanakoishi Banyamulenge, wafugaji wa Kitutsi. Wengi wenu mna jirani Mbembe, wengine ni Wabembe wenyewe, na kambi ya Nyarugusu imepokea watu wa Fizi na Uvira tangu 1996. Nikiteleza, mtanisahihisha.

Kila mahali naulizwa: Banyamulenge ni Wakongo au Wanyarwanda? Jibu limekuwa likitegemea umeuliza mwaka gani. Katiba ya 1964 ilitaka babu yako awe wa kabila lililokuwapo Kongo kabla ya 18 Oktoba 1908. Mwaka 1972 Mobutu akasema wenye asili ya Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) waliokuwa Kivu kabla ya 1950 ni raia. Mwaka 1981 sheria ikageuka: sasa lazima kabila lako liwe lilikuwapo tarehe 1 Agosti 1885. Mwaka 2004 ikahesabiwa tena kuanzia uhuru, 1960.

Sasa mchukulieni mfugaji aliyezaliwa mlimani mwaka 1940. Yeye hajahama, wanaohama ni ng'ombe wake, kiangazi wanashuka, masika wanapanda. Lakini uraia wake umeingia na kutoka mara kadhaa akiwa amekaa palepale. Mababu zake walikuwa mlimani kabla karne ya 19 haijaisha, hilo wanahistoria wengi wanakubali. Wanabishana ni mapema kiasi gani. Cheti cha 1885 atakitoa wapi? Na jirani yake Mfuliiru, wa kabila la wakulima wa huko, anacho? Hana, ila yeye haulizwi.

Hata jina lina kesi yake. Zamani waliitwa Banyarwanda tu. Miaka ya 1970 mwanasiasa wao Gisaro Muhoza alilieneza jina la Banyamulenge ili wasichanganywe na wakimbizi waliotoka Rwanda kuanzia 1959. Wafuliiru wakashtuka: Mulenge ni mlima wetu, uko chini ya mwami wetu, chifu wetu wa jadi! Nami hapo nawaelewa, kwa sababu mlima una mwenyewe.

Na mwenyewe ndiyo kiini cha maneno yangu leo. Wabelgiji walipogawa utawala wa kimila, Wafuliiru walipata mwami na eneo, Wabembe wakapata machifu wao. Wafugaji wa juu wakabaki chini ya wakubwa wa wenzao, wakagawanyika kati ya Uvira, Fizi na Mwenga. Ng'ombe wakishuka kiangazi, mfugaji hulipa itulo, ada ya malisho. Mzee mmoja wa Kibembe alinieleza kwa kuchora ardhini kwa fimbo: hapa shamba la muhogo, hapa njia ya ng'ombe, hapa alikaa baba yake kupokea ndama. Maziwa na siagi viliteremka, mahindi na mihogo ikapanda. Kwake itulo ni heshima kwa mwenye ardhi. Kwa mfugaji ni ukumbusho wa kila mwaka kwamba yeye ni mpangaji. Ndama ni yuleyule.

Halafu vita. Uasi wa 1964 uliwakuta Wabembe wengi upande wa waasi (Che Guevara mwenyewe alivuka kutoka hapa Kigoma mwaka uliofuata kwenda kuwasaidia). Waasi walipoanza kula ng'ombe wa mlimani, wafugaji wakaegemea jeshi la serikali. Hilo halijasahauliwa. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini akawapa Banyamulenge wiki moja waondoke. Mwisho wa 1998, Makobola, wapiganaji wa RCD, waasi walioungwa mkono na Rwanda wakiwa na Banyamulenge ndani yao, waliua wanakijiji kwa mamia, wengi Wabembe. Agosti 2004, Gatumba, Burundi, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa usiku, wengi wao Banyamulenge. Anayekutajia Makobola bila Gatumba, au Gatumba bila Makobola, mwulize ametumwa na nani. Na anayesema Mnyamulenge ni mkono wa Kigali, mkumbushe 2002, kamanda wa Kinyamulenge Patrick Masunzu na vijana wake wakipigana na jeshi la Rwanda kwenye milima hiyohiyo.

Tuje Minembwe. Miaka mingi ombi la wafugaji lilikuwa utawala wao wenyewe, ofisi yenye muhuri usiopitia kwa mwami wa mwingine. Amri ya 2013 iliifanya Minembwe kuwa komini, yaani eneo la utawala lenye meya wake. Septemba 2020 meya akasimikwa mbele ya waziri wa ugatuzi, Azarias Ruberwa, ambaye naye ni Mnyamulenge. Kwa majirani hiyo ilitosha: nchi inakatwa! Kelele zikatoka Uvira mpaka Kinshasa, na Oktoba hiyohiyo Rais Tshisekedi akaifuta.

Maswali. Mama pale mbele, nimekuona tangu nilipotaja itulo. Karibu.