Makuli Ndani ya Yai la Nzi

HAMISI: Karibuni tena. Kabla hatujaanza, wasikilizaji naomba mjue kwamba dada Rehema ameingia studio na ndizi iliyooza nusu, kaiweka kwenye sahani, na vijinzi vinanizunguka hadi puani.

REHEMA: Imekaa jikoni kwangu tangu Jumapili, watoto nimewakataza kuigusa. Hao ndio nzi wa matunda, Drosophila melanogaster. Wageni wetu wa leo.

HAMISI: Wageni? Mimi hawa nawapiga na gazeti.

REHEMA: Tena nimekosea, ni wenyeji. Asili yao ni Afrika. Mwaka 2018 watafiti walieleza walivyowakuta porini Zimbabwe, kwenye milima ya Matobo, wakiishi kwa matunda ya mng'ongo. Ila leo nataka tuingie ndani ya yai lao.

HAMISI: Yai la nzi lina ukubwa gani hata tuingie?

REHEMA: Urefu wake nusu milimita. Na humo ndani pana shughuli kama bandarini meli tatu zikishusha kwa pamoja.

HAMISI: Hapo umenigusa. Baba yangu mdogo alikuwa kuli bandarini Dar.

REHEMA: Basi kuli ndiye ninayemtafuta. Kwenye seli kuna protini mota, kazi yao kubeba na kuvuta. Njia wanazopita zinaitwa mikrotubuli, vifito vyembamba vyenye uwazi ndani. Kuli mmoja anaitwa kinesini: ana miguu miwili, hatua yake ni nanomita 8, na kila hatua anakula molekuli moja ya ATP, chakula cha nguvu cha seli.

HAMISI: Analipwa kwa hatua! Baba mdogo alilipwa kwa gunia.

REHEMA: Mwingine ni dainini. Mikrotubuli ina ncha mbili, chanya na hasi. Kinesini wengi huelekea chanya, dainini huelekea hasi. Kwa muda watu walidhani ukoo mzima wa kinesini unakwenda upande mmoja. Mwaka 1990 ikaonekana kwamba mmoja wao, Ncd, anatembea kinyumenyume, kuelekea hasi. Na aligunduliwa kwa nzi hawa hawa.

HAMISI: Kwa nini apewe jina la herufi tupu, maskini?

REHEMA: Linatokana na rangi ya macho. Mwaka 1929 mtaalamu wa jenetiki Alfred Sturtevant aliandika habari za nzi wa spishi ya jirani, macho yao rangi ya mvinyo, claret kwa Kiingereza, ndiyo c ya Ncd, na majike yao hugawa kromosomu, vile vinyuzi vya urithi, ovyo wakitengeneza mayai. Mtoto anapata pungufu au ziada. Miaka mingi baadaye ndipo ikajulikana kuwa aliyekosekana ni kuli huyu, Ncd.

HAMISI: Sasa seli ikigawanyika, makuli wanafanya nini hasa?

REHEMA: Kunajengwa kitu kinaitwa spindeli. Ichukulie kama hema lenye nguzo mbili, kromosomu katikati. Kuna kinesini mwingine, Klp61F, ana miguu kila upande, anashika mikrotubuli mbili zinazotazamana na kuzisukuma mbali. Anatanua hema. Ncd anavuta ndani. Mmoja asukuma, mwenzake avuta.

HAMISI: Mafahali wawili zizi moja.

REHEMA: Na zizi limesimama kwa sababu yao! Watafiti walimzuia Klp61F asifanye kazi kwenye kiinitete cha nzi, spindeli ikajengeka, kisha nguzo zikarudi kuangukiana. Wakarudia kwenye kiinitete kisicho na Ncd kabisa. Haikuanguka.

HAMISI: Ngoja. Ukimwondoa mmoja, balaa. Ukiwaondoa wote wawili, nafuu?

REHEMA: Nafuu, sikusema salama. Mimi hilo jaribio nalipenda kuliko yote.

HAMISI: Na kasi yake? Maana hawa wanazaliana utadhani wanashindana.

REHEMA: Baada ya kutungwa, viini vya seli ndani ya yai hugawanyika mara 13 bila utando wa seli kujengwa kati yao. Mizunguko ya mwanzo ni kama dakika 9 kila mmoja. Kwa saa mbili hivi una viini karibu 6,000 ndani ya mfuko mmoja, na kila mara spindeli inajengwa na kuvunjwa. Utando ndipo unafuata. Baada ya siku moja hivi, buu anatoka.

HAMISI: Mimi siku moja sijamaliza kufua.

REHEMA: Sasa kichwa na mkia. Nzi anajuaje kichwa kikae wapi? Mama ameshapanga kabla hajataga. Kuna ujumbe wa RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, uitwao bicoid, dainini wanaupeleka mbele, huko kitatokea kichwa. Mwingine ni oskar, kinesini wanaupeleka nyuma. Huko ni tumbo, na seli zitakazozaa kizazi kijacho.

HAMISI: Kwa hiyo kuna barabara moja iliyonyooka kwenda nyuma?

REHEMA: Wala. Njia zimeelekea huku na huko, mzigo unakwenda mbele, unarudi, unapinda. Ila safari za kwenda nyuma zinazidi kidogo tu, na kidogo kidogo mzigo unafika.

HAMISI: Na ukishushwa gati lisilo lake?

REHEMA: Mwaka 1992 watafiti Anne Ephrussi na Ruth Lehmann waliuelekeza oskar mbele makusudi. Pale pa kichwa likaota tumbo la pili, na seli za uzazi zikajitengeneza huko huko mbele.

HAMISI: Tumbo mbili, kichwa hakuna. Wapo watu nawafahamu...

REHEMA: Usiwataje. Hebu leta simu yako, weka ile lenzi ya kubandika. Angalia hapa, pembeni ya ganda.

HAMISI: Naona vidoa vyeupe. Subiri... vina vinywele viwili, kama masharubu ya kambale!

REHEMA: Ndiyo mayai yenyewe. Vinywele ni vya kuvutia hewa yai likizama kwenye uozo. Viko upande wa mgongo, na mgongo unapangwa na ujumbe mwingine, gurken, unaopelekwa na dainini kwenye pembe moja ya yai. Usipofika, yai linatoka kipara.

HAMISI: Hili lina viwili. Na hili viwili. Hapa kwenye kikonyo kuna jingine... dada, washa taa.