Jicho Limepona, Ila Usiku Ndiyo Shida

MASALU: Mwangaluka, wasikilizaji! Tuko hapa hapa Mwanza, umeme upo, mvua imekata, hatuna kisingizio. Mimi ni Masalu.

KABULA: Na mimi Kabula. Wakubwa wetu mnaotusikiliza, shikamooni.

MASALU: Dada Kabula, tangu tutangaze kwamba leo ni upasuaji wa kubadilisha lenzi ya jicho, simu ya kipindi imejaa sauti za watu. Nilitegemea wawili watatu.

KABULA: Kabla hujazifungua, naomba jambo moja likae sawa. Leo hatuzungumzii mtoto wa jicho. Mwenye mtoto wa jicho lenzi yake imeingia ukungu, anaelekea kupofuka, na dawa yake ni upasuaji. Hakuna matone ya kuuondoa, hakuna mizizi. Mtu asije akatusikiliza halafu akazuia bibi yake wa Ukerewe asipelekwe hospitali. Huyo tutagombana.

MASALU: Kwa hiyo leo ni nani?

KABULA: Ni mtu ambaye lenzi yake ni safi kabisa, ila amechoka na miwani. Anatolewa lenzi yake nzima, anawekewa ya bandia. Namna ya kufanya ni ile ile ya mtoto wa jicho: tundu la milimita 2 au 3, lenzi inasagwa kwa mawimbi ya sauti na kunyonywa, ya bandia inaingizwa ikiwa imekunjwa, inafungukia ndani ya kile kifuko cha lenzi ya zamani. Dakika 20, mara nyingi hata hazifiki.

MASALU: Nikiri hadharani, nimeshaulizia bei. Nina miaka 47, risiti ya dukani naisoma mkono umenyooka hadi kwa jirani. Mtu akiniambia dakika 20 halafu miwani basi, mbona naenda?

KABULA: Na huenda ukafurahi. Wengi wanafurahi, na aliyefurahi hatumi sauti kwenye kipindi, yuko kwake anasoma gazeti. Tufungue hao waliotuma.

MASALU: Wa kwanza ni mzee mmoja anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Alisafiri nje ya nchi, akawekewa zile lenzi za kuona mbali, kati na karibu kwa pamoja. Jicho moja kwanza. Anasema hivi: "Mchana sina neno. Bei naiona, simu naisoma. Lakini mimi kazi yangu inaanza gizani. Nikifika ufukweni kusubiri mitumbwi, kila taa ina pete. Pikipiki ikija, taa inatawanyika jicho zima, nasimama nishikwe mkono. Nikirudi kwa daktari naambiwa nimesoma herufi zote hadi mstari wa chini, jicho limepona."

KABULA: Na hadanganywi, herufi amezisoma kweli. Chumba kina mwanga, herufi nyeusi, ubao mweupe. Hakuna anayempima saa kumi alfajiri ziwani.

MASALU: Hizo pete zinatoka wapi?

KABULA: Zinatokana na lenzi yenyewe ilivyotengenezwa. Ina miduara midogo inayogawa mwanga: sehemu inakwenda kwenye picha ya mbali, sehemu kwenye picha ya karibu. Ukitazama taa ya mbali, ile sehemu ya karibu nayo inafika kwenye retina, yaani ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, ikiwa haijakaza, ndiyo pete hiyo. Na kwa kuwa mwanga umegawanywa, vitu vya rangi zinazokaribiana havijitengi vizuri. Mtumbwi wa kijivu kwenye maji ya kijivu. Ubongo huzoea, miezi kadhaa inapita mtu anaacha kuziona. Wengine hawazoei. Lenzi ya umbali mmoja pete zake ni chache zaidi, ila kusoma utavaa miwani.

MASALU: Yaani mvuvi na karani wa benki hawafai kupewa lenzi moja.

KABULA: Swali la kwanza lingekuwa "kazi yako unaifanya saa ngapi?" Mzee anasema hakuulizwa. Aliulizwa anapenda kusoma.

MASALU: Halafu kuna sehemu hapa mwishoni: "Sasa naambiwa nipigwe leza, pete zitaisha."

KABULA: Hapo! Hapo nataka kila mtu asikilize. Baada ya upasuaji, miezi au miaka, utando wa nyuma wa kile kifuko unaweza kuingia ukungu. Ni jambo la kawaida sana. Watu husema mtoto wa jicho amerudi, lakini hajarudi, ni utando. Leza inatoboa tundu katikati, dakika chache, hauumwi, unaona tena. Ni tiba nzuri, kama ukungu upo.

MASALU: Na kama haupo?

KABULA: Basi umetoboa bure kifuko kisicho na tatizo, na pete zako bado unazo. Tena ukija kusema naomba nitolewe hii lenzi niwekewe nyingine, daktari anakuta kifuko kina tundu, ute wa ndani ya jicho unaweza kuja mbele. Kubadilisha lenzi kumekuwa kugumu na kwa hatari zaidi. Kwa hiyo ukiwa hujaipenda lenzi yako, hilo liamuliwe kwanza, leza baadaye. Mimi ni muuguzi wa macho, sikati jicho la mtu, lakini hili madaktari wa upasuaji wenyewe wanalijua vizuri. Mgonjwa ndiye hajui kuuliza.

MASALU: Wa pili ni mama mwalimu, Nyegezi huko. Huyu sauti yake nilishindwa kuimaliza mara ya kwanza. Haoni mbali tangu shule ya msingi, miwani yake ilikuwa nene. Akafanyiwa macho yote mawili. Anasema: "Nilimwona mwanangu ng'ambo ya barabara bila miwani, nikalia." Mwaka uliofuata akaanza kuona vimulimuli pembeni ya jicho la kulia, na vidoti vyeusi vinaelea. Akaenda duka la dawa, akapewa matone ya mzio. Wiki ikapita. Siku moja kivuli kikaanza upande wa pua, kikaja hadi katikati.

KABULA: Retina imeachia.

MASALU: Alisafirishwa Dar es Salaam wakairudisha, lakini kuona kwa jicho hilo hakukurudi kama zamani.

KABULA: Pole sana, mama. Ngoja nieleze, maana watu wa macho kama yake ndio wanaoutamani upasuaji huu kuliko wote, na wao ndio wako kwenye hatari zaidi. Jicho lisiloona mbali mara nyingi ni refu, retina yake imevutwa, ni nyembamba. Lenzi ya asili ni nene, inafika milimita 4 au zaidi. Ukiitoa ukaweka kitu chembamba, ute uliojaa nyuma unapata nafasi ya kusogea, na ute huo umeshika retina. Unaivuta, inachanika, maji yanapenya chini yake. Na hatari haiishi na matone ya wiki za mwanzo, inakaa miaka. Mtu mwenye umri mdogo, hasa mwanaume, hatari yake inapanda tena.

MASALU: Kwa hiyo vimulimuli...

KABULA: Vimulimuli, vidoti vipya vingi kwa mkupuo, kivuli: siku hiyo hiyo kwa daktari wa macho. Panda hospitali ya Bugando, usipite duka la dawa. Retina ikirekebishwa kabla katikati haijaachia, matokeo ni tofauti kabisa. Na siku za mwanzo baada ya upasuaji, jicho likiuma, likawa jekundu na kuona kukapungua, huo unaweza kuwa usaha ndani ya jicho. Ni nadra, chini ya mtu 1 kwa 1,000 mahali penye usafi mzuri, lakini hausubiri asubuhi.

MASALU: Kuna sauti kadhaa za macho makavu, kuwashwa, mchanga...

KABULA: Macho makavu mara nyingi hutulia, matone ya kulainisha yanasaidia. Kuna wanaoona kivuli chembamba upande wa sikio tangu mara tu baada ya upasuaji, hakikui kama kile cha mama mwalimu, nacho wengi kinawaondoka. Tusikae sana hapo.

MASALU: Nani lakini alianza kuweka plastiki ndani ya jicho la mtu?

KABULA: Harold Ridley, London, 1949. Aliona marubani wa vita waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, jicho limetulia, halivikatai. Wenzake walimpinga miaka na miaka. Leo ni upasuaji unaofanyika kwa mamilioni duniani kila mwaka. Ndiyo maana silaumu upasuaji. Ninacholaumu ni kumuuzia mtu mwenye lenzi safi kama vile unamuuzia miwani. Miwani ikikukataa unaivua.

MASALU: Umenipunguzia kasi kidogo.

KABULA: Wewe kwa miaka 47 lenzi yako bado inajikunja kidogo. Ukiitoa, hicho kidogo kimekwenda. Nunua miwani ya kusomea, Masalu.

MASALU: Haya. Mzee wa dagaa ameuliza swali la mwisho: jicho la pili afanye? Aliyemfanyia la kwanza anamsubiri.

KABULA: Asikimbilie. Kwanza atafute daktari mwingine ampime upya: je, bado kuna namba ya miwani iliyobaki, jicho ni kavu, utando una ukungu kweli, retina ikoje? Vitu hivyo vinaweza kuongeza pete au kufifisha kuona, na baadhi vinatibika. Miezi ikipita na pete bado zipo, azungumze habari ya kuitoa lenzi, au la pili awekewe ya umbali mmoja. Na aende na kadi ya lenzi.

MASALU: Kadi gani tena?

KABULA: Kila lenzi inakuja na kibandiko: aina yake, nguvu yake, namba yake. Mgonjwa anatakiwa apewe. Aliyefanyiwa nje ya nchi bila kadi, daktari wa hapa anabahatisha. Anayo?

MASALU: Nilimuuliza. Anasema kuna karatasi walimpa, iko kwenye begi la safari, na begi ameliazimisha kwa shemeji yake Sengerema.

KABULA: Basi ampigie shemeji leo.