Penseli Mbele ya Kabati la Kioo

Walimu wangu, maofisa elimu wa makumbusho mliofika leo, na ninyi wanafunzi wenzangu wa ualimu wa sanaa, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maonesho na masomo ya darasani. Nina jambo moja la kusema, na nalisema mapema ili muda uliobaki nioneshe ninakolitoa. Mwanafunzi anayekwenda kwenye maonesho bila kuchora anarudi na kumbukumbu ya safari. Kitu chenyewe alichopelekwa kukitazama hakioni. Na mimi naamini kosa si la mtoto wala la makumbusho, ni la darasa ambalo halikumwandaa kutazama.

Nianze na fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu. Sote tulilisoma shuleni: Olduvai, Leakey, 1959, tukajibu mtihani tukapata vema. Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, na kazi niliyowapa ilikuwa fupi: fuvu, karatasi moja kila mtu, penseli, hakuna raba, na maelezo ya pembeni yasisomwe mpaka mchoro umalizike.

Dakika za mwanzo ni za kusubiri tu. Kila mmoja anachora fuvu analolijua tayari, lile la kibao cha hatari kwenye transfoma ya umeme: duara, matundu mawili, meno. Kisha jicho linaanza kubishana na mkono. Msichana mmoja akaja kuniuliza, "Mwalimu, mbona juu ya kichwa kuna mfupa umesimama kama upanga wa jogoo?" Nikamwambia auchore kwanza. Mwenzake alikuwa anahangaika na mifupa ya mashavu. Imetoka nje mno, na kati yake na ubavu wa fuvu pana uwazi ambao penseli yake ilishindwa kuupita bila kuuliza: hapa palikuwa pamejaa nini? Kijana mwingine akanyanyua kichwa akasema fuvu halina taya la chini, na kwamba yeye alishalichora taya hilo kabla hajagundua kuwa halipo.

Tulipotoka nje kivulini tukaweka michoro chini, ndipo maswali yao yakakutana. Nikawaambia washike vidole kwenye kipaji pembeni, juu ya sikio, kisha wasage meno. Kitu kinachocheza chini ya vidole ni msuli wa kutafuna. Kwa Zinjanthropus msuli huo ulikuwa mkubwa sana: ulipita katika ule uwazi wa shavuni, ukapanda mpaka juu, ukajishikiza kwenye ule mfupa uliosimama. Yule wa mfupa na yule wa uwazi wakatazamana. Walikuwa wameuliza swali moja bila kujua. Magego makubwa waliyoyachora yakapata sababu, na kuhusu taya, kijana alikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa taya la chini la fuvu lile halikupatikana. Sikuwa nimefundisha baiolojia. Nilikuwa nimefundisha mstari, umbo na kivuli, na baiolojia ikaja yenyewe.

Huwa nafikiria sana kwamba aliyeliona fuvu lile alikuwa mchoraji. Tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amelala kambini anaumwa, Mary Leakey aliona mfupa umechomoza kwenye udongo wa Olduvai. Vitabu vyetu vya shule humtaja kama mtafiti wa mambo ya kale, na ni kweli. Lakini mlango alioingilia kazi hiyo, akiwa msichana Uingereza, ulikuwa kuchora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya watafiti wengine. Mtu anayechora jiwe lililochongwa hulazimika kuona kila pigo lililobandua kipande, lilianzia upande gani na likaishia wapi. Mwaka 1951, kabla ya Zinjanthropus, alikuwa Kondoa akinakili michoro ya miambani, akifuatisha mistari ya watu wembamba warefu na wanyama iliyoachwa na watu wasiojulikana majina. Michoro ile ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Siwezi kuthibitisha kwamba kuchora ndiko kulikompa jicho la kutambua mfupa kati ya kokoto elfu, ila naamini hivyo, na ningependa kila mwalimu wa historia anayetaja jina lake ataje na penseli yake.

Sasa tazameni ziara ya shule ilivyo kawaida. Basi limechelewa. Watoto wanapanga mstari, wanaingia ukumbini wakiwa wengi kuliko nafasi, mwongozaji anasema kwa sauti ya juu, anauliza "Mmeelewa?" na wote wanaitikia "Ndiyooo!" Halafu linatokea jambo ambalo linaniuma kila ninapoliona: wanatoa madaftari, wanaanza kunakili maelezo ya kwenye kibandiko neno kwa neno, kwa sababu mwalimu amesema atakagua. Kinyago kipo hatua moja kutoka alipo mtoto, na mtoto amekigeuzia bega. Amekuja safari ndefu kusoma aya ambayo angeweza kusomewa darasani. Hakuna anayemwonea mtoto kwa makusudi hapo. Tumemlea darasani kwamba elimu ni maandishi ya ubaoni, na kibandiko kinafanana na ubao.

Kuna njia ya kulirekebisha hili ambayo haihitaji fedha. Huko Marekani, mwanasaikolojia Abigail Housen na Philip Yenawine, aliyewahi kuongoza idara ya elimu ya Museum of Modern Art ya New York, walitengeneza utaratibu wa kuzungumza mbele ya picha kwa kutumia maswali matatu. La kwanza ni kuna nini kinaendelea hapa. La pili, umeona nini mpaka ukasema hivyo. La tatu, kuna nini zaidi tunachoweza kukiona. Mimi katika yote nalipenda lile la katikati. Darasani kwetu mwanafunzi amezoea kumsoma mwalimu usoni ili ajue jibu linalotakiwa. Ukimuuliza ameona nini mpaka akasema hivyo, inabidi macho yake yatoke usoni kwako yarudi kwenye picha. Na mwenye jibu potofu hapigiwi kelele, maana ataonesha kidole na wenzake watatazama alipoonesha, mara nyingi wakaona kitu ambacho hata mwalimu hakukiona. Mara ya kwanza darasa huwa kimya, tena kimya kirefu kinachomtia mwalimu hofu. Kivumilieni.

Picha za Tingatinga ni mfano mwingine mzuri, na nitaupita haraka. Watoto wengi wameona picha hizo zikiuzwa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 hapa Dar es Salaam, akafariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, miaka michache tu ya kazi, na jina lake likabaki kuwa jina la mtindo mzima. Picha zake nyingi ni za mraba, kama futi mbili kwa mbili, zimepakwa rangi za kung'aa za kopo juu ya hadibodi. Mpe mwanafunzi rula na umwambie bao zima ni futi nne kwa nane: anaweza kukata vipande vingapi vya mraba huo bila kubakiza kitu? Vinane. Papo hapo mwanafunzi anaanza kumwona msanii mbele ya bao lake, anahesabu, hataki kipande kiende bure. Nikimaliza hapo ndipo nazungumzia chui na ndege, maana sasa wanajua chui amejikunja vile kwa sababu mraba umemkatalia kunyooka.

Nije kwenye swali ambalo wenzangu mnaokwenda kupangiwa Kibondo, Tandahimba au Ukerewe mnalo rohoni: makumbusho yako wapi huko? Dar es Salaam ni mbali, nauli hakuna, darasa lina watoto wengi. Swali ni halali. Jibu langu linatoka Makerere. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa pale mwaka 1937, darasa likiwa nyumbani kwake, na katika miaka ya 1940 mama huyohuyo ndiye aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, ambayo kwa kipindi fulani yalihifadhiwa pale pale Makerere, kwenye shule ya sanaa. Yapo mambo ya Trowell ambayo sikubaliani nayo, hasa fikra zake kuhusu kipi mwanafunzi wa Kiafrika afundishwe na kipi afichwe. Lakini ule ujirani wa vyungu, ngoma na vibuyu na meza za kuchorea naona ulikuwa na akili. Mkononi mwake alipita Sam Ntiro wa Machame, aliyekuja kuwa mchoraji, mwalimu, na balozi wetu London, na ambaye picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko kwenye hazina ya makumbusho hayohayo ya New York niliyoyataja. Mtoto wa Machame leo akitaka kuiona picha ya mbege ya kwao, ataiona kwenye simu ya mwalimu. Basi aioneshwe kwenye simu, na aulizwe ameona nini.

Ila zaidi ya simu, ujirani ule wa Makerere tunaweza kuuanzisha kwenye darasa lolote lenye dirisha moja na kamba. Nilifanya hivyo kwenye shule ya mazoezi. Niliwaambia wanafunzi kila mmoja aje na kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mkono na mtu anayemfahamu kwa jina. Sharti lilikuwa hilo la jina tu. Walileta kawa, mwiko, ungo wenye kiraka, kikapu, mtego wa samaki. Binti mmoja alileta mkeka wa bibi yake, ambao haujaisha.

Mkeka huo tulikaa nao vipindi viwili. Mkeka uliomalizika unaonekana kitambaa kimoja kipana. Huu ulikuwa bado wazi: ukili mrefu umekunjwa duara pembeni, ukanda wa upana wa vidole vichache, na sehemu iliyoanza kushonwa, ukanda kwa ukanda, mpaka mabega ya mkeka yakaanza kutokea. Wanafunzi walipouchora ndipo walipoona kwamba yale mapambo ya rangi hayakuchorwa juu ya mkeka. Yalisukwa ndani ya ukili, ukindu uliotiwa rangi ukiingia na kutoka kwa hesabu, na mshonaji alitakiwa kuupanga ukanda wa pili kwa namna ambayo pambo lake lingekutana na la ukanda wa kwanza. Mwanafunzi mmoja alihesabu miali ya ukindu, akakosea, akaanza tena. Mwisho akasema bibi lazima ajue mwisho wa mkeka kabla hajaanza kusuka. Hiyo ndiyo usanifu, na sikuwa nimelitaja neno hilo bado.

Tuliandika vibandiko wenyewe. Mjadala mkali wa muhula mzima ulikuwa hapo: tuandike nini kwa maneno machache? Jina la aliyetengeneza liwe juu au chini? Darasa likakata shauri liwe juu, kwa herufi kubwa kuliko jina la kitu. Waliokwenda makumbusho wanajua kwa nini nasema uamuzi huo ni mzito. Vinyago na vyungu vingi duniani vimesimama kwenye makabati vikiwa na jina la kabila na jina la aliyevikusanya, na mikono iliyovifanya haina jina.

Kuhusu alama, kwa sababu najua mtauliza. Mchoro wa kwenye maonesho nisingeutahini kwa uzuri. Natazama vitu viwili: kuna jambo gani kwenye karatasi ambalo lingejulikana tu kwa kutazama, na mwanafunzi ameandika swali gani pembeni ya mchoro. Mchoro uliopinda wenye swali la uwazi wa shavuni unapata alama nyingi kuliko mchoro laini wa kibao cha hatari. Wanafunzi wanaojua kuchora vizuri hulalamika mwanzoni. Wanazoea.

Kwa maofisa wa makumbusho ombi langu ni la kawaida kabisa. Turuhusuni kukaa sakafuni. Tupangieni saa ambazo ukumbi hauna watu wengi, na mtuachie kabati moja kwa kipindi kizima badala ya kututembeza kumbi zote. Na kama mnavyo vigae, vipande vya mpingo usiomalizika kuchongwa, au ukili ambao hauwezi kuingia kwenye maonesho rasmi, wekeni kwenye sanduku tuazime kwa muhula. Kipande cha mpingo chenye ganda lake jeupe la nje na kiini cheusi, mtoto akikinyanyua akasikia uzito wake, hatakitazama tena kinyago cha Kimakonde kama kitu kilichozaliwa kimeng'arishwa.

Jumamosi kundi letu litakuwa Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kuchora paa la tembe na jinsi linavyokaa juu ya nguzo zake. Nafasi bado zipo. Anayetaka kuja aje na penseli na kitu kigumu cha kuegemeza karatasi, tutaanza saa tatu kabla jua halijawa kali. Sasa nasubiri maswali yenu.