Kupima sukari nyumbani, asubuhi na baada ya chapati

Haya jamani karibuni tena, leo niko jikoni kwangu hapa Umoja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, makanga wameshaanza kelele zao huko nje, na mimi sijatia kitu mdomoni tangu jana saa mbili usiku. Hata chai bado. Leo tunapima pamoja, alafu nile, alafu tupime tena baada ya masaa mawili, juu wengi wenu mko na mashine lakini mnapima asubuhi peke yake, mnaona 6 mnafurahi, alafu kile kipimo cha kliniki kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kinakuja kuwaumbua.

Mimi niko na sukari tangu 2018, ile aina ya pili, yaani kongosho bado inatoa insulini, ile inayoitoa sukari kwa damu kuiingiza mwilini, lakini mwili hauisikii vizuri, so sukari inabaki ikizunguka kwa damu. Mimi ni fundi wa nguo, sio daktari, kwa hivyo dawa zako usipunguze wala kuongeza kwa sababu ya video yangu, tafadhali.

Sasa vifaa. Mashine hii hapa, kopo la stripu, yaani vile vipande vyembamba vya kuwekea tone la damu, kikalamu cha kudunga, kisindano kipya, daftari, na hii chupa tupu ya jik mtaona kazi yake. Angalia tarehe kwa kopo kwanza. Stripu zikipitwa na tarehe, ama kopo likiachwa wazi, unyevu unaziharibu na namba inakuwa ya uongo, so usiziweke bafuni, na usizifunge kwa karatasi eti zitoshee kwa pochi, kuna mama nilimuona kwa matatu akizitoa kwa tishu nikanyamaza tu. Na kama bado hujanunua mashine, ukifika kwa kemisti uliza bei ya stripu kabla ya bei ya mashine. Mashine unanunua mara moja, stripu ndizo zitakufilisi, na za mashine moja hazitumiki kwa nyingine.

Alafu unanawa mikono. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka juzi msimu wa maembe nilinunua yale ya kukatwa barabarani, ya chumvi na pilipili, nikala nikitembea, kufika nyumbani nikajipangusa na leso nikapima. 19.4! Moyo ulienda mbio, nikaita boda, nikafika hospitali nikihema, nesi akaniambia mama nenda pale kwa sinki unawe kwanza. Akanipima mwenyewe, 8.1. Ile sukari ilikuwa kwa kidole. Juisi ya embe ilikuwa imekauka kwa ngozi, ikachanganyika na tone la damu, na mashine haijui hii ni ya embe ama ni ya mama. Pesa ya boda ikaenda hivyo. So maji na sabuni, yakiwa ya uvuguvugu ni poa zaidi juu yanaleta damu kwa vidole, alafu kausha kabisa, juu kidole chenye maji kinazimua damu.

Tia stripu, mashine inawaka yenyewe. Dunga pembeni mwa kidole, sio katikati pale unapogusia vitu, katikati panauma na mimi nashona siku nzima. Leo kidole hiki, kesho kingine. Damu ikikataa kutoka, shusha mkono chini utikise kidogo, usikamue kama unakamua ng'ombe. Kisindano ni cha mtu mmoja, hata bwanako msishiriki, damu inabeba homa ya ini na ukimwi. Gusisha tone hapa mwisho wa stripu, linavutwa lenyewe... haya, 7.0.

Namba hiyo inasema nini? Hapa Kenya mashine nyingi zinasoma milimoli kwa lita. Binamu yangu yuko Marekani, siku moja akaniambia sukari yake ni 126, nikaanza kulia kwa simu, kumbe wao wanasoma miligramu, unagawanya na 18 unapata 7, yaani tuko sawa yeye na mimi! Mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana sukari, akipimwa kabla ya kula apate 7 kwenda juu, anarudiwa kipimo hospitalini kuthibitisha. Sisi ambao tayari tuko nayo, watu wazima wengi wanalenga kama 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 masaa mawili baada ya kula. Lakini mjamzito analengewa chini zaidi, na mzee anayeishi peke yake anaweza kuachiwa juu kidogo asije akaanguka, so yako iulizie kliniki yako.

Kisindano kinaingia kwa chupa ya jik, kifuniko kinakazwa. Ikijaa naipeleka kliniki. Usitupe kwa takataka tu, wale vijana wanaobeba taka wanadungwa.

Sasa kula. Leo makusudi nimeweka chapati mbili na chai ya maziwa bila sukari, vile nilikuwa nakula zamani. Naanza saa moja kasoro dakika kumi, naandika, juu masaa mawili unahesabu kuanzia tonge la kwanza.

Tukingoja niwaambie ya kushuka, juu hiyo inaua haraka kuliko ya kupanda, hasa kama unadunga insulini ama uko kwa zile tembe zinazosukuma kongosho. Ukianza kutetemeka, jasho baridi, kichwa kinazunguka, unakasirikia watu bure, pima. Iko chini ya 3.9, kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari, ama koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwa maji, ngoja dakika 15, pima tena, bado chini rudia, ikipanda kula kitu. Mtu akiwa amezimia usimmiminie chochote mdomoni, atapaliwa, mkimbize hospitali. Na upande wa pili, ikikaa juu ya 15 na unatapika ama unapumua kwa haraka, hiyo pia ni hospitali, sio maji ya mwarobaini.

Kuna mtu ameniuliza kuhusu ugali wa brauni. Huo ni afadhali kidogo, lakini bado ni wanga, mlima wa brauni ni mlima tu. Mimi napima kwa ngumi yangu, sahani iliyobaki ni sukuma na maharagwe ama kipande cha nyama. Uji nao, hata wa wimbi, unateremka haraka juu ni wa kunywa, kwangu mimi unapandisha kuliko ugali.

Nimerudi, saa tatu kasoro dakika kumi. Mikono nimenawa. Kidole kingine... 12.6.

Mnaona? Asubuhi ningeenda kazini na ile 7 yangu nikijisifu. Wiki jana nilikula chapati moja, mayai mawili na sukuma, chai hii hii, masaa mawili ikasoma 8.8. Naandika kwa daftari, tarehe, saa, chapati mbili, 12.6, daktari ataona yote. Kesho ni zamu ya nduma, ziko hapo kwa sufuria nitazichemsha jioni, nitakula vipande viwili nipime tuone.