Mboga za Oktoba zinaanikwa Machi

BINTI: Mbukwenyi wasikilizaji! Leo tumeacha studio ya mjini, tumekaa chini ya mkwaju nyumbani kwa shangazi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Mkisikia kuku, ni kuku kweli. Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Mbukwenyi wote mnaotusikiliza. Kuku nimewafungia, aliyetoroka ni huyo mmoja tu, na ndiye anayejua mchicha ulipo.

BINTI: Wiki iliyopita tuliongea habari za mtama na uwele. Ujumbe mwingi uliokuja ukauliza: sawa, ugali tumeupata, mboga je? Mvua zikikatika, mtu mwenye robo eka anakula ugali na nini?

SHANGAZI: Swali zuri, maana ugali hauliwi mkavu. Na huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu. Zinaanza Desemba, zikichelewa Januari, Aprili zimekwisha. Kwa mwaka ni kama milimita 570 hivi, na hizo haziji kwa mpangilio. Februari jua linaweza kuwaka wiki tatu mfululizo na mtama uko magotini. Kuanzia Mei mpaka Novemba, mbingu ni nyeupe.

BINTI: Miezi saba.

SHANGAZI: Saba! Kwa hiyo mtu akija Septemba kuniuliza, shangazi nipande nini, namwambia umechelewa, mwanangu. Mboga ya Septemba na Oktoba nimeianika Machi. Iko ndani, kwenye debe. Hilo ndilo ningependa watu walisikie leo kabla ya jambo lingine lolote. Watu wanaposema bustani wanaona matuta na ndoo. Mimi nusu ya bustani yangu ni ungo.

BINTI: Tuanzie kwenye ungo basi. Wa mbali hawajui mlenda wa unga.

SHANGAZI: Mlenda wa porini huota wenyewe mvua zikianza, kwenye mashamba, pembeni ya njia, kwenye vichuguu vya zamani. Hupandi, hupalilii. Unachuma asubuhi umande ukishakauka, kwa sababu jani lenye maji linavunda kabla halijakauka. Unatandaza kwenye ungo au mkeka, tabaka moja, majani yasilaliane, unaweka kivulini penye upepo. Hapa chini ya huu mkwaju, au kwenye chanja chini ya paa la nyasi.

BINTI: Kivulini. Nasisitiza hapo, maana nimeona wengi wanaanika juu ya bati.

SHANGAZI: Hata mimi nilianika juu ya bati! Mwaka wa kwanza nilipohamia huku. Nikasema jua lote hili, kivuli cha nini? Siku moja likakauka, nikafurahi. Kumbe limekuwa rangi ya majani ya chai, halina harufu. Tena nikashindilia kwenye mfuko wa nailoni siku ileile, mashina ya ndani bado mabichi. Julai nafungua, ukungu mweupe umeshikana kama pamba. Nilimwaga mfuko mzima na nikalia, kwa kweli, kwa sababu ile ndiyo ilikuwa mboga yetu mpaka mvua.

BINTI: Pole, shangazi. Na hiyo rangi kupotea si urembo tu. Jua kali linaharibu ile asili ya vitamini A iliyo kwenye majani ya kijani. Jani lililokauka kivulini likabaki kijani limehifadhi zaidi. Kwa watoto wadogo na mama wajawazito hilo ni jambo kubwa.

SHANGAZI: Sasa nikiwa na shaka naangalia hivi. Naomba hilo jani hapo. Unaliweka kiganjani, unafumba mkono. Umesikia?

BINTI: Kama kukanyaga makapi ya mtama.

SHANGAZI: Ndivyo. Likilia hivyo na likawa unga bila kuacha kamba, tayari. Likijikunja kama kitambaa, lirudishe kwenye ungo, kesho tena. Halafu linatwangwa kwenye kinu, linachekechwa, linaingia kwenye debe kavu lenye mfuniko, au kibuyu. Debe langu nimelipandisha juu ya mbao, lisiguse sakafu.

BINTI: Na kunde?

SHANGAZI: Majani ya kunde nayachemsha kwanza, dakika mbili tatu, nachuja, ndiyo naanika. Yakianikwa mabichi yanakuwa magumu, ukija kupika kuni zinaisha nayo bado yanatafunika kama turubai. Lakini kunde ina hesabu yake. Ukichuma majani kila siku, punje hutapata. Mmea mmoja hauwezi kukupa vyote kwa wingi. Kwa hiyo napanda vipande viwili: kile cha karibu na jiko ni cha majani, naanza kuchuma wiki ya nne, kile cha mbali hakiguswi, ni cha punje na mbegu.

BINTI: Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunachuma huku na huku, Mei tunashangaa maganda ni matupu.

SHANGAZI: Na jua likizidi wanakuja vidukari, wale weusi wadogo wanaojazana kwenye vichipukizi. Wanapenda kunde iliyochoka kwa kiu. Ukiwaona kwenye mashina mawili matatu, kata hicho kipande uchome, usisubiri. Majivu nayo husaidia ukinyunyiza asubuhi.

BINTI: Sasa twende kwenye kijani chenyewe. Hapa nyuma yetu kuna matuta matatu, na tuko katikati ya kiangazi. Yamezama chini, hayajainuka.

SHANGAZI: Tuta la kuinua ni la nchi yenye maji mengi, linakimbiza maji. Mimi nataka maji yakae. Nimechimba kina cha mkono mpaka kiwiko, udongo wa juu nimeuweka kulia, wa chini kushoto. Chini kabisa nimetia mabua ya mtama yaliyokatwakatwa, juu yake samadi ya mbuzi iliyooza, ndiyo nikarudisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi nyingine. Lakini sikujaza. Nimeacha nafasi ya kiganja kutoka usawa wa njia. Ukimwaga ndoo, maji hayana pa kwenda.

BINTI: Upana mita moja, urefu mita nne. Kwa nini mita nne?

SHANGAZI: Kwa sababu ya ndoo! Wewe ndiye mwenye hesabu, sema.

BINTI: Mboga za majani kwenye joto kama hili hutaka kama lita tano kwa mita moja ya mraba kwa siku. Mita nne za mraba ni lita 20. Dumu moja, tuta moja, siku moja.

SHANGAZI: Basi. Usiulize una ardhi kiasi gani, uliza una madumu mangapi baada ya watu kunywa, kupika na mbuzi kunywa. Mimi yanabaki matatu. Matuta matatu. Mwaka mmoja nilitamani, nikalima matano, nikayagawia madumu yaleyale. Sikula hata moja. Mchicha ulitoa maua ukiwa na urefu wa kidole.

BINTI: Na madumu hayo matatu yanatoka wapi? Maana kuna watu hapa wananunua dumu.

SHANGAZI: Moja ni la kisima. Mawili ni maji yaliyokwisha kufanya kazi: ya kuosha mboga, ya kuosha mchele, ya suuza ya mwisho ya nguo. Ya kwanza yenye povu la sabuni ya unga sipeleki kwenye mchicha, yanakwenda kwenye mpapai na ndizi pale bafuni. Na hata la kisima nalionja kwanza.

BINTI: Unaonja?

SHANGAZI: Visima vingi huku Dodoma vina chumvi, unajua hilo. Kuna kisima kimoja nilikitumia msimu mzima, udongo ukaanza kuwa na ukoko mweupe juu, majani yanaungua pembeni kama yamepitishwa motoni. Nikadhani ni ugonjwa. Duka moja la pembejeo likaniuzia dawa ya wadudu mara mbili. Hakukuwa na mdudu, ilikuwa chumvi. Pesa ile ingenunua bati mbili za kukingia maji. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu aliyeniuzia hakuuliza hata swali moja.

BINTI: Basi wasikilizaji, jani likiungua pembeni na udongo ukiweka ukoko mweupe, angalieni maji kabla ya kununua dawa. Na shangazi amegusa bati, niweke hesabu moja hapo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita sita kwa tano ni mita za mraba 30. Ikinyesha milimita 20 jioni moja, hizo ni lita 600. Toa yanayomwagika na ya kwanza yenye vumbi, unabaki na kama 480. Madumu 24 kwa mvua moja, na hayana chumvi.

SHANGAZI: Ndiyo maana sasa nina tanki la lita 1,000. Haliishi miezi saba, sidanganyi mtu. Lakini linanivusha Mei na Juni, na nalichanganya na la kisima kupunguza makali.

BINTI: Juu ya udongo naona umetandaza.

SHANGAZI: Matandazo, nyasi kavu na maganda ya karanga. Bila hivyo ndoo ya jioni imekwisha saa nne asubuhi. Ila mchwa! Wanakuja kula nyasi, wakimaliza wanaonja shina. Naacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka kila mche, naweka majivu. Na namwagilia jioni tu, jua likishashika kilima kile.

BINTI: Umepanda nini humo?

SHANGAZI: Mgagani, mchicha, na bamia chache pembeni. Kabichi niliacha. Inakunywa miezi mitatu ndipo uikate mara moja. Mchicha wiki ya nne unachuma, unachipua tena.

BINTI: Tupike kidogo. Ule mlenda wa debe unapikwaje?

SHANGAZI: Maji yachemke, tia magadi kidogo sana, ncha ya kijiko. Nyanya moja au mbili kavu kama mbichi hakuna. Unanyunyiza unga wa mlenda kidogokidogo huku unapekecha. Usifunike, utafurika uzime moto. Ukianza kuvutika, tia karanga zilizotwangwa, koroga, epua. Kwa ugali wa uwele hutataka nyama.

BINTI: Magadi kidogo, kwa kuwa yanaua vitamini C. Fidia iko mlangoni: ubuyu wetu umejaa vitamini C. Koroga unga wake kwenye maji ya baridi, watoto wanywe baada ya kula. Na karanga zichambueni, yenye ukungu au iliyosinyaa itupwe. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha hapa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi. Karanga nazo zinaishika.

SHANGAZI: Nakumbuka. Wazee wetu nao walipita pagumu zaidi. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake habari za Mtunya.

BINTI: Ile njaa ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1917 mpaka 1920.

SHANGAZI: Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza wakaja, wakachukua vilevile. Halafu mvua zikakataa. Ghala tupu, mikono ya kulima haipo, na kiangazi juu yake. Bibi alikuwa hamwagi hata vumbi la mlenda lililobaki kwenye kinu. Anakung'uta, anafuta kwa kiganja, anarudisha kwenye kibuyu. Mimi nikiwa mdogo nilidhani ni uchoyo.

BINTI: Sikujua hilo. Wewe nawe unafuta kinu hivyohivyo.

SHANGAZI: Eeh. Mkono unajua wenyewe.

BINTI: Swali la mwisho limetoka kwa msikilizaji wa Bahi: mbegu za mgagani anapata wapi? Alinunua, hazikuota.

SHANGAZI: Asinunue tena. Aache mashina mawili yenye majani mengi, asiyachume kabisa. Yatatoa maua, kisha vijiganda vyembamba virefu. Vikigeuka njano, avikate asubuhi mapema, kwa sababu saa sita vinapasuka vyenyewe na mbegu zote zinaanguka mchangani. Atandaze khanga chini, akate taratibu, aache vikaukie humohumo kwenye khanga. Zikae kwanza, asipande wiki ileile; mbegu mpya kabisa ya mgagani ni mvivu kuota. Miezi mitatu minne ikipita ndipo azimwage kitaluni, juujuu, afunike kwa udongo mwembamba tu.

BINTI: Bahi, umesikia. Shangazi, jua linashika kilima.

SHANGAZI: Nimeliona. Shika dumu hilo moja, mimi hili. Anza na tuta la mgagani.